Snea ya pili: Je, ina faida kwa bendi na makanisa ya Kabati?

MPIGA dramu wa kanisa au wa bendi ya benga katika eneo la Kabati, Kaunti ya Kitui, hufika wakati akajiuliza swali ambalo wenzake wa Nairobi, Kinshasa na London pia hujiuliza: je, snea moja inatosha, au wakati umewadia wa kuongeza ya pili?

Kwa asiyepiga ngoma, swali hilo huenda likaonekana dogo. Lakini katika eneo kavu kama Kitui Magharibi, ambako vyombo vya kanisa hununuliwa kwa sadaka na michango ya harambee, na vya bendi hununuliwa kwa malipo ya harusi na hafla za Agosti na Desemba, kila chombo kinachonunuliwa bila sababu huzuia kingine chenye kuhitajika zaidi.

Jibu, kwa ufupi, ni kwamba snea ya pili ina faida iwapo muziki unaopigwa unadai sauti mbili zilizo tofauti kabisa katika wimbo mmoja au ibada moja, na iwapo snea ya kwanza tayari inatunzwa na kukazwa ipasavyo. Pasipo masharti hayo mawili, ya pili huwa pambo tu.

Snea ni ngoma gani?

Snea ni ile ngoma fupi inayokaa katikati ya miguu ya mpigaji. Kwa kawaida ina upana wa inchi 14 na kina cha inchi 5 hadi 6 na nusu. Ina ngozi mbili, ya juu inayopigwa na ya chini iliyo nyembamba zaidi. Chini ya ngozi hiyo ya pili hupitishwa nyaya nyembamba zilizojisokota, ambazo hutetemeka kila ngozi ya juu inapopigwa.

Nyaya hizo ndizo zinazoipa snea mlio wake wa kuchakacha, mithili ya mchanga mkavu unaomwagwa juu ya bati. Pembeni kuna mkono mdogo wa chuma wa kuzilegeza nyaya hizo. Zikilegezwa, mlio wa kuchakacha hutoweka na snea husikika kama ngoma ya kawaida.

Asili yake ni ngoma za majeshi ya Ulaya. Seti ya dramu tunayoijua leo ilianza kuundwa Marekani, hasa mjini New Orleans, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pale mtu mmoja alipoanza kupiga ngoma zilizokuwa zikipigwa na watu wawili au watatu. Pedali ya ngoma kubwa iliyoidhinishwa kwa hataza mwaka wa 1909 kwa jina la Ludwig ilirahisisha kazi hiyo, kwani mguu ulichukua ngoma kubwa na mikono ikabaki huru kwa snea na matoazi.

Afrika Mashariki iliizoea snea kabla ya kuizoea seti nzima. Ngoma ya beni, iliyochipuka katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, iliiga bendi za kijeshi kwa tarumbeta, sare na ngoma. Baadaye Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi nchini Kenya mwaka wa 1921, lilipitisha ngoma za aina hiyo hiyo katika maandamano yake ya ibada.

Muziki wa Ukambani unataka nini?

Ili kujua kama snea ya pili inahitajika, ni lazima kwanza kuusikiliza muziki wenyewe. Ukambani una historia yake ya benga. Marehemu Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, pamoja na Kalambya Boys ni miongoni mwa waliofanya jina la eneo hili kusikika kote nchini. Kilonzo, aliyefariki mwaka wa 1987, aliimba pia kwa Kiswahili na hivyo kuwafikia wasikilizaji wengi nje ya Ukambani.

Katika benga, gita ndilo mwenye nyumba. Ngoma kubwa ya mguu hushika mwendo bila kuyumba, gita la besi hujibizana na gita la juu, na snea huingia kwa mapigo mafupi na makavu. Snea yenye mwangwi mrefu hufunika nyuzi za gita, na wachezaji huchanganyikiwa. Kwa hivyo, bendi inayopiga benga pekee usiku kucha inahitaji sauti moja nzuri ya snea. Ya pili haina kazi hapo.

Mambo hubadilika benga inapokutana na rumba ya Kongo. Zaiko Langa Langa, bendi iliyoundwa Kinshasa mwaka wa 1969, ilieneza mdundo wa kavacha, ambao katikati ya miaka ya 1970 ulivuma kote Afrika Mashariki na kuigwa na bendi nyingi za Kenya. Kavacha ni mfululizo wa mapigo ya haraka yanayopigwa juu ya snea au haihati. Mdundo wa namna hiyo unadai snea iliyokazwa sana, yenye sauti ya juu na inayonyamaza mara moja, ili kila pigo lisikike peke yake.

Makanisani ndiko tatizo linakojitokeza wazi zaidi. Ibada moja huweza kuanza kwa wimbo wa kuabudu ulio wa pole, ukahitaji snea yenye sauti nzito na pana, kisha dakika chache baadaye kwaya nzima ikaingia katika sebene la sifa. Snea iliyokazwa kwa ajili ya sebene hulia kama kijiti kikavu katika wimbo wa pole. Iliyolegezwa kwa ajili ya wimbo wa pole hukoroga mapigo ya sebene.

Snea ya inchi 14 huwa na skrubu 8 au 10 juu, na nyingine kama hizo chini. Kuzikaza moja baada ya nyingine kwa uangalifu huchukua dakika kadhaa. Hakuna kiongozi wa sifa atakayesimamisha ibada kwa ajili ya kazi hiyo. Hapo ndipo hoja ya snea ya pili inapopata mashiko.

Wala wazo la kuwa na ngoma mbili zenye sauti mbili si la kigeni. Pwani wanaitofautisha vumi, ngoma ya sauti nzito, na chapuo, ngoma ndogo ya sauti ya juu, na hakuna mpigaji atakayejaribu kuifanya moja iseme maneno ya nyingine. Hapa Ukambani, mzee aliyekulia karibu na kilumi, ngoma ya matambiko ya tiba na ya kuomba mvua, hahitaji kufundishwa kwamba kila ngozi ina sauti yake na kila sauti ina kazi yake.

Faida zake

Faida ya kwanza, basi, ni hiyo ya sauti mbili zilizo tayari wakati wote. Mpigaji huweza kutumia snea nzito katika ubeti na kuhamia ile nyembamba kiitikio kinapoingia, na wasikilizaji wakahisi wimbo umepanda ingawa mwendo ni ule ule.

Ya pili ni kwamba nyaya za snea ya pili zikilegezwa, mpigaji hupata ngoma ndogo ya sauti ya juu inayofaa sana kupamba rumba. Kwa seti yenye ngoma chache, hilo si jambo dogo.

Ya tatu ni akiba. Ngozi ya snea ndiyo inayochapwa kuliko zote, na wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka. Ikipasuka Jumamosi katikati ya harusi kijijini, maduka ya ala za muziki ya Nairobi hayafikiki kabla ya bibi harusi kuondoka. Mwenye snea ya pili huiweka mahali pa ile ya kwanza na shughuli ikaendelea.

Hata hivyo, hoja hii ya tatu ina udhaifu. Bei ya ngozi ya akiba na seti moja ya nyaya ni ndogo sana ikilinganishwa na ya snea nzima, na mpigaji aliyezoea huweza kubadilisha ngozi katika muda wa mapumziko. Anayetaka akiba peke yake anunue ngozi.

Gharama zisizoonekana

Snea ya pili haiji peke yake. Huhitaji stendi yake, nafasi yake jukwaani na mahali pake katika gari la kusafirishia vyombo. Katika kanisa lenye jukwaa dogo, stendi moja zaidi huweza kumsukuma mpiga kinanda hadi ukutani.

Pili, kuna kipaza sauti. Iwapo dramu hupitishwa katika mashine ya kuchanganyia sauti, snea ya pili itadai kipaza sauti na njia yake katika mashine hiyo. Mashine nyingi ndogo zina njia chache, na mara nyingi zote zimechukuliwa na waimbaji. Snea ya pili isiyo na kipaza sauti karibu na ya kwanza iliyo nacho haitasikika kwa kiwango sawa, na lengo la kuinunua litapotea.

Tatu, na hili huwashangaza wengi, ni mngurumo. Nyaya za snea hutetemeka hata ngoma nyingine inapopigwa. Gita la besi likipiga sauti fulani, au ngoma ya karibu ikigongwa, nyaya huanza kulia zenyewe. Snea mbili huzidisha kero hiyo. Dawa yake ni kulegeza nyaya za snea isiyotumika, au kuikaza moja mbali na sauti ya nyingine, lakini mpigaji asiyekumbuka kufanya hivyo ataisumbua bendi nzima.

Kuna pia suala la tabia. Kijana aliyepewa chombo kipya hutaka kukitumia kila mahali. Wimbo uliohitaji mapigo machache hujazwa vishindo, na waimbaji hulazimika kupaza sauti ili wasikike.

Jaribu haya kwanza

Kabla ya kamati ya kanisa au kiongozi wa bendi kutoa pesa, ni busara kuhakikisha kwamba snea iliyopo imetoa yote inayoweza kutoa. Ngozi iliyobonyea katikati ibadilishwe. Nyaya zilizopinda au kushika kutu zibadilishwe pia, kwani waya mmoja uliolegea huweza kuharibu mlio wote.

Kisha ngoma ikazwe upya. Skrubu zikazwe kwa kuvuka, yaani ukimaliza moja uende kwa ile inayoielekea upande wa pili, kila moja nusu mzunguko, hadi ngozi itoe sauti moja kandokando ya kila skrubu. Wapigaji wengi wanaolalamika kwamba snea yao ni mbovu huwa hawajawahi kufanya hivi hata mara moja.

Ngozi za plastiki, zilizoenea tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 baada ya kampuni kama Remo, iliyoanzishwa mwaka wa 1957, kuziuza kwa wingi, haziathiriwi na unyevu kama ngozi za wanyama. Hakuna haja tena ya kuzianika juani au kuziotesha moto. Lakini nazo huchakaa na kulegea, na hazijikazi zenyewe.

Jaribio la mwisho halina gharama yoyote. Snea ikazwe kwa sauti ya juu inayofaa sebene, kisha wakati wa wimbo wa pole kitambaa kilichokunjwa kiwekwe juu ya ngozi karibu na ukingo. Sauti hushuka, mwangwi hupungua, na snea ile ile husikika kama nyingine. Wimbo wa haraka ukiingia, kitambaa huondolewa kwa mkono mmoja. Kwa makanisa mengi, hilo litatosha.

Ikiwa ni lazima, ichaguliwe ipi?

Iwapo baada ya yote hayo pengo bado lipo, snea ya pili ichaguliwe kwa kuitofautisha na ya kwanza. Kununua nyingine ya inchi 14 yenye kina kile kile ni kununua sauti uliyo nayo tayari. Wengi huchagua ya inchi 10, 12 au 13, ambayo kwa udogo wake hukazwa juu kwa urahisi, kisha wakailegeza ile kubwa ili ibebe nyimbo za pole.

Snea hizo ndogo zilipata umaarufu zaidi miaka ya 1990, wakati watayarishaji wa muziki wa densi nchini Uingereza walipokuwa wakiharakisha vipande vya dramu vya rekodi za zamani kwa mashine. Kipande kikiharakishwa, sauti ya snea hupanda. Wapigaji waliotaka kuuiga muziki huo kwa mikono yao walihitaji ngoma yenye sauti hiyo. Maana yake ni kwamba ngoma ilinunuliwa baada ya muziki kuidai.

Kwa anayetumia mkono wa kulia, mahali pake pa kawaida ni kushoto kwa haihati, ambapo mkono wa kushoto huifikia bila mwili kugeuka. Iwekwe kimo kimoja na ya kwanza. Na ikiwezekana, iazimwe kwanza kutoka kwa bendi au kanisa jirani na itumiwe kwa Jumapili kadhaa. Iwapo siku ya kuirudisha hakuna mwimbaji wala mpiga gita atakayeuliza imekwenda wapi, basi jibu limepatikana na pesa zimeokolewa.

Kwa kanisa lenye kwaya kadhaa zinazotumia seti moja, au bendi inayopiga benga, rumba na nyimbo za Injili katika hafla moja, snea ya pili ni chombo cha kazi na pesa zake hazipotei. Kwa wengine wote, ngozi mpya, nyaya mpya, ufunguo wa dramu na saa moja ya subira vitaleta mabadiliko makubwa zaidi, na fedha zitakazobaki zitafaa kwa kipaza sauti ambacho kwaya imekuwa ikikisubiri.