Kinachoua Katika Sigara, na Kinachotuaibisha

Mwanamke akiwasha sigara mbele ya duka Kariakoo, watu watageuka, na habari itamfikia mama yake kabla ya magharibi. Bibi yake akiweka ugoro chini ya mdomo, hakuna anayeshtuka. Mdogo wake akipiga picha ameshika mrija wa shisha, wenzake watamsifia. Tumezoea kuihukumu tumbaku kwa harufu yake, na kwa jinsia na umri wa anayeitumia. Mwili hauangalii hayo.

Hatari kubwa ya sigara inatokana na kuungua. Mvutaji anapovuta, kaa la sigara hupita nyuzijoto 800 za Selsiasi, na moshi unaotoka hapo una kemikali zaidi ya 7,000, nyingi zikiwa sumu na makumi yake zikisababisha saratani. Kaboni monoksidi huichukulia oksijeni nafasi yake kwenye damu, na lami hutanda mapafuni. Nikotini kazi yake ni kumfunga mtu. Haina usalama: huuhangaisha moyo, hudhuru mimba na ubongo wa kijana. Ila siyo inayojaza wodi za saratani ya mapafu. Michael Russell, daktari wa magonjwa ya akili wa London, aliyaeleza haya tangu mwaka 1976: nikotini humrudisha mvutaji kwenye pakiti, na lami ndiyo inayomuua.

Kwa kipimo hicho, shisha haina utetezi. Maji ya kwenye chupa huupoza moshi tu, wala hayausafishi, na mkaa unaowekwa juu huongeza kaboni monoksidi yake. Kikao cha saa moja humwingizia mtu moshi mwingi mara nyingi kuliko wa sigara moja. Harufu ya tufaha ndiyo iliyoipa heshima isiyostahili.

Ugoro hauungui, basi je, ni salama? Hapa inabidi twende taratibu. Waswidi wana tumbaku yao ya mdomoni, snusi, ambayo Umoja wa Ulaya uliizuia mwaka 1992 na Uswidi ikaruhusiwa kuendelea nayo ilipojiunga mwaka 1995. Wanaume wengi wa huko waliacha sigara wakabaki na snusi, na vifo vyao vya saratani ya mapafu ni miongoni mwa vichache zaidi Ulaya. Lakini snusi hupikwa kwa mvuke na sumu zake hupimwa kiwandani. Ugoro wetu husagwa, ukatiwa magadi yanayoharakisha nikotini kuingia mwilini, ukauzwa bila yeyote kuupima. Sifa za Uswidi haziuhusu.

Sigara za kielektroniki nazo haziunguzi tumbaku, hivyo mvutaji wa miaka mingi akihamia huko kabisa hupunguza sumu anazovuta. Neno “kabisa” ndilo zito. Sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inayobebwa na sigara 20. Na kijana ambaye hajawahi kuvuta hapunguzi chochote, anaanza.

Njia ya kuacha sigara ninayoiamini zaidi ni vibandiko na bigijii za nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Maduka mengi ya dawa hayanazo, na hilo linaniuma. Linaloniuma zaidi ni aibu. Mgonjwa, hasa mama, hunijibu “sivuti, daktari,” na vidole vyake vina umanjano. Amekuja na wifi yake, angejibu nini? Nimejifunza kuuliza swali hilo tukiwa wawili tu, na nawasihi wenzangu wafanye vivyo hivyo, kwa sababu anayeficha hapewi dawa wala maelekezo ya kuitumia.

Na maelekezo yanahitajika. Bigijii ya nikotini hutafunwa pole pole mpaka ikuwashe kidogo, kisha huegeshwa kati ya shavu na ufizi hadi mwasho upungue, ndipo utafune tena. Usinywe kahawa wala soda muda mfupi kabla yake, maana huzuia nikotini kupita mdomoni. Ukiitafuna mfululizo kama bigijii ya watoto, nikotini hushuka tumboni na mate, utapata kwikwi na kiungulia, hamu itabaki pale pale, na utarudi dukani kununua sigara moja.