Kunguru na Popo: Yupi wa Kuogopwa, na kwa Lipi?

Maswali ya wasomaji kutoka Diani hadi Msambweni yanarudi palepale: kati ya kunguru wa jalalani na popo wa pangoni, yupi anayeleta maradhi? Wote wawili, ila kila mmoja kwa njia yake.

Kwanza uzushi. Popo si kipofu, wala hanyi kwa mdomo. Ana njia ya haja kama mnyama yeyote. Wala si jini, na kuchoma pango moto kunaua tu walaji wa wadudu wetu wa usiku.

Kunguru wa India aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akafika Mombasa mwaka 1947. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja Pwani. Hatari yake imo miguuni na kinyesini: anachakura taka, kisha anatua kwenye meza ya samaki au tangi lililo wazi, na kuacha bakteria wa kuharisha kama salmonela.

Kwa popo mambo ni mengine. Mwaka 2009, katika pango la Shimoni, watafiti walimkuta popo mkubwa mwenye pua ya mikunjo amekufa. Ubongoni mwake mlikuwa na virusi vya ukoo mmoja na kichaa cha mbwa, vikapewa jina la Shimoni. Virusi vya ukoo huu havihitaji damu viweze kusafiri. Vikiingia kidondani hunasa kwenye ncha ya neva, vikadandia usafiri wa ndani ya neva yenyewe, ule unaorudisha mizigo ya seli kutoka ncha hadi kiini. Hupanda taratibu, wiki hata miezi, kinga ya mwili isivigundue, mpaka ubongoni. Kutoka hapo hushuka kwenye mate, tayari kwa anayeng'atwa. Ni maradhi ya wanyama wanaonyonyesha: popo yumo, nasi tumo. Kunguru hatakuambukiza haya.

Virusi vya Shimoni havijaripotiwa kwa binadamu. Lakini chanjo ya kichaa cha mbwa haivizuii vizuri, maana ganda lake limetofautiana mno na la virusi vilivyotumika kuitengeneza. Virusi vingine kadhaa vya ukoo huu inavizuia, kwa hiyo usiikose.

Funika tangi. Usimshike popo kwa mkono mtupu. Aking'ata au kukukwaruza, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo. Na yule anayekupaka unga wa mizizi na kukwambia usubiri siku saba anakuibia muda ambao chanjo ingefanya kazi. Dalili zikishaanza, hakuna tiba, yake wala ya daktari.