Saa ya Goweko na Kompyuta Ndogo

Saa iliyo ukutani mwa nyumba ya Mwislamu haikutundikwa kwa pambo. Kwayo watu wa nyumba hujua wakati wa kusimama kwa sala, wakati wa kuacha daku na wakati wa kufuturu. Lakini ni wachache wajiulizao: saa hii yafuata jua la wapi?

Swali hili lina uzito kwa watu wa Goweko. Goweko ni stesheni ya Reli ya Kati, katika wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora. Zamani misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita katika nchi hii kwa miguu, na msafiri Mwislamu alisali kwa kutazama jua la pale alipofika. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, nayo garimoshi haiwezi kwenda bila ya saa moja kwa stesheni zote. Leo Tanzania, Kenya, Uganda na Somalia zafuata saa moja, iliyowekwa kwa jua la digrii 45 mashariki ya Greenwich. Mstari huo wapita karibu na Mogadishu. Basi saa zetu za mkononi, tukisema kweli, ni saa za Mogadishu.

Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kwa dakika 4. Mji wa Tabora uko karibu na digrii 32.8, umepungukiwa na digrii 12.2 kuufikia mstari ule. Zidisha kwa 4, utapata dakika 49 hivi. Ndiyo sababu jua la Tabora hufika kati ya mbingu, kwa wastani wa mwaka, saa sita na dakika 49 mchana. Dar es Salaam iko karibu na digrii 39.3, na jua lake hulitangulia la Tabora kwa dakika 26. Kwa Goweko, iliyo mashariki kidogo ya Tabora, tofauti hiyo hupungua kidogo tu.

Sasa tazama matokeo yake. Mtu wa Goweko akifungua redio mwezi wa Ramadhani, akafuturu kwa adhana ya magharibi ya Dar es Salaam, atakuwa amekula na jua lingali juu ya miti. Kwa kauli ya wanazuoni wengi siku hiyo itampasa kuilipa. Na akisali alfajiri kwa ratiba ya Dar es Salaam, amesali kabla alfajiri haijaingia kwake, na sala iliyotangulia wakati wake haisihi. Ratiba ile si ya uongo. Ni ya kweli kwa watu wa Dar es Salaam.

KOMPYUTA YA UBAO MMOJA

Vijana wetu wengi wamesikia habari za Raspberry Pi. Hii ni kompyuta kamili iliyofanywa juu ya ubao mmoja mdogo, isiyo na kioo wala kibodi yake yenyewe. Ilitoka Uingereza tarehe 29 Februari 2012, kwa juhudi za Eben Upton na wenziwe wa Cambridge, waliotaka watoto wajifunze kuiamrisha mashine badala ya kuitazama tu. Ubao wa kwanza uliuzwa kwa dola 35 za Marekani. Mwaka 2015 ukatoka mdogo zaidi, Pi Zero, kwa dola 5. Msomaji aongeze juu ya bei hizo gharama za usafirishaji, kodi, kadi ya kuhifadhia na waya wa umeme. Tena bei hupanda na kushuka.

Aghalabu kijana akiipata mashine hii huicheza wiki mbili kisha ikalala kabatini. Sababu yake ni kwamba alianza na mashine, akatafuta kazi ya kuipa. Yafaa aanze na haja ya nyumba yake. Na haja ya kwanza katika nyumba ya Goweko tumekwisha iona.

KUFANYA SAA YA SALA

Kazi hii ina asili katika Uislamu. Misikiti mikubwa ya zamani ilikuwa na muwaqqit, mtu aliyeajiriwa kukokotoa nyakati. Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Umawiyya wa Damascus katika karne ya 14, naye alitengeneza saa ya kivuli ya mnara wa msikiti huo. Hesabu alizozifanya mtu wa namna ile kwa kalamu, mtoto wa leo aweza kuipa mashine izifanye kwa nukta moja.

Kwanza, apate digrii za Goweko yenyewe, za mashariki na za kusini ya ikweta, kutoka katika simu yenye ramani. Pili, aandike programu kwa lugha ya Python, ambayo hailipiwi. Programu itataka digrii hizo, tarehe, na tofauti ya saa 3 na Greenwich. Tatu, achague kanuni za hesabu. Magharibi ni kuchwa kwa jua, haina mashaka. Alasiri, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, huingia kivuli cha kitu kinapokuwa sawa na urefu wake, ukiongeza kivuli cha adhuhuri. Alfajiri huhesabiwa kwa digrii jua lilizo chini ya upeo: wengine hushika 18, Wamisri 19.5. Hapa kijana asijiamulie. Na amwendee sheikh wa msikiti wake.

Nne, na hapa wengi hukosea: karibu aina zote za ubao huu hazina saa inayotembea umeme ukikatika. Pi 5 ya mwaka 2023 inayo saa, lakini betri yake hununuliwa mbali. Penye intaneti mashine hujirekebisha. Pasipo na intaneti huamka na saa ya uongo, na kwa ujasiri ule ule itatangaza magharibi saa kumi. Basi anunue kisaa kidogo kiitwacho DS3231 chenye betri yake, akiunganishe na vijino vya ubao kwa nyaya nne. Kisaa hicho hupotea kiasi cha dakika moja kwa mwaka.

Tano, aunganishe taa ndogo iwake wakati unapoingia. Adhana na iachwe kwa muadhini. Na ajihadhari na umeme: ubao wataka volti 5, na vijino vyake havistahimili zaidi ya volti 3.3. Betri ya gari ya volti 12, ikiunganishwa moja kwa moja, itauunguza.

KUIPIMA KWA KIJITI

Mashine isiaminiwe kabla ya kupimwa, na kipimo chake hakina gharama. Simika kijiti wima penye ardhi sawa. Kuanzia saa sita na robo mchana, weka alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Kivuli kilipokuwa kifupi kuliko vyote, ndipo jua lilipokuwa kati. Adhuhuri huingia mara lipindukapo.

Usishangae wakati huo ukihama. Mwanzo wa Novemba, Tabora, ni kiasi cha saa sita na dakika 32. Katikati ya Februari hufika saa saba na dakika 3, kwa kuwa mwendo wa dunia kulizunguka jua si sawasawa mwaka mzima. Karibu na tarehe 8 Machi na 6 Oktoba jua hupita juu ya utosi, na kijiti hakina kivuli cha haja. Programu ikipatana na kijiti kwa siku saba, imefaulu. Ikiachana nacho kwa dakika 26 hivi, mtoto ameacha ndani yake digrii za Dar es Salaam.

KAZI NYINGINE

Aliyeimaliza kazi hii amejifunza kupima, kuhifadhi hesabu na kutumia umeme kwa salama, naye aweza kuendelea. Mkoa wa Tabora wajulikana kwa asali: mzani wa umeme chini ya mzinga utaonyesha uzito ukiongezeka maua yanapochanua, bila ya kuwasumbua nyuki. Mkulima apendaye kujua mvua ya shamba lake aweza kufanyiwa kipimo cha mvua. Vituo vya hewa vya 3D-PAWS, vilivyowekwa Zambia na Kenya, viliendeshwa kwa ubao huu huu. Na madrasa isiyo na intaneti yaweza kupata maktaba: programu ya Kiwix huiweka Wikipedia ya Kiswahili katika kadi, na simu zilizo karibu zikaisoma bila malipo. Huko Karatu, shirika la Powering Potential liliziwekea shule mashine hizi zikiendeshwa kwa nguvu za jua.

Enyi wazazi, msingoje mashine ifike. Wiki hii mpeni mtoto kijiti, daftari na saa, aandike kivuli cha siku saba. Akiyashika hayo, ubao utakapopatikana atajua la kuuamuru. Na Ramadhani ijayo, inshaallah, nyumba yenu itafuturu kwa jua la Goweko.

Wa billahi tawfiq.