Kuita utaratibu wa lugha nyingine: -ita, -itika na makubaliano ya kuitana

Kitenzi -ita kina maana mbili ambazo wazungumzaji wa Kiswahili huzitumia bila kuzichanganya: kumpa mtu jina ("wanamwita Mwanaidi") na kumtaka aje ("mwite Mwanaidi"). Katika uandishi wa programu za kompyuta maana hizo hukaribiana sana. Programu huita utaratibu, yaani hutaja jina la fungu la amri lililoandikwa mahali pengine, hulikabidhi data, husitisha mwendo wake na kusubiri jibu. "Kupiga simu utaratibu", kunakozaliwa na tafsiri za haraka, hakuna maana yoyote. "Kuitisha" kuna harufu ya mkutano, na "kualika" humwachia mwalikwa nafasi ya kutuma udhuru, nafasi ambayo utaratibu hauna. Kitenzi kifaacho ni -ita, na pamoja nacho mwitaji, mwitwa na -itika.

Ugumu huanza mwitaji na mwitwa wanapokuwa wa lugha mbili. Hali hiyo si ya nadra. LAPACK, mkusanyiko wa taratibu za hesabu za matriksi uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1992, uliandikwa kwa Fortran, lugha ambayo kundi la John Backus katika kampuni ya IBM liliitoa mwaka 1957. Mtafiti anayetatua milinganyo leo kwa R, au kwa maktaba ya SciPy ya lugha ya Python, huenda hajawahi kuona mstari mmoja wa Fortran, lakini kazi yake mara nyingi huishia huko, nayo hupitia C.

Ni rahisi kudhani kwamba kati ya C na Fortran husimama mkalimani. Hakuna. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa amri za mashine, imekwisha kuifanya kazi yake kwa kila upande. Huko chini hakuna C wala Fortran, bali namba na anwani za kumbukumbu tu. Kinachobaki ni desturi: nani aweke nini, wapi, na kwa mpangilio upi.

Desturi ya kwanza ni ya jina. LAPACK ina utaratibu uitwao DGESV: D ni namba za usahihi maradufu, GE ni matriksi isiyo na umbo maalumu, SV ni kutatua. Fortran haibagui herufi kubwa na ndogo, na kompaila ya gfortran kwa kawaida huligeuza jina hilo kuwa la herufi ndogo na kuliongezea mstari wa chini mwishoni: dgesv_. Mwitaji wa C anayeita DGESV haitikiwi. Hilo ni kosa la heri, maana hugunduliwa kabla programu haijaanza kufanya kazi.

Makosa ya makabidhiano ni mabaya zaidi kwa sababu mwitwa huitika. C hukabidhi thamani yenyewe, mathalani namba 3; Fortran, isipoelekezwa vingine, hutarajia anwani ya mahali namba hiyo ilipo. Tena C hupanga matriksi safu mlalo baada ya safu mlalo, ilhali Fortran huanza na safu wima. Chukua matriksi yenye safu mlalo mbili, 1 2 3 na 4 5 6. C huihifadhi kama 1, 2, 3, 4, 5, 6. Fortran ikipokea mfuatano huo na kuambiwa kwamba ni matriksi ya mbili kwa tatu, itasoma 1 3 5 juu na 2 4 6 chini. Hakuna onyo litakalotolewa. Hesabu itafanyika vyema kabisa, juu ya matriksi nyingine.

Ila mfano unaofundisha zaidi unahusu herufi moja. Taratibu kadhaa za LAPACK hupokea kigezo cha herufi, kama U au L, kuonyesha ni nusu ipi ya matriksi itumike, ya juu au ya chini. C hutambua mwisho wa maandishi kwa baiti ya sifuri. Kompaila nyingi za Fortran, gfortran ikiwemo, hupitisha urefu wa maandishi kama kigezo cha ziada kisichoonekana katika msimbo. Waandishi wengi wa C walikiacha kigezo hicho. Kwa miaka mingi hawakudhurika, kwa kuwa mwitwa alihitaji herufi moja tu na hakuwa na haja ya kuuliza urefu.

Mwaka 2019 mambo yalibadilika. Matoleo mapya ya gfortran yalikuwa yakitumia njia ya mkato pale utaratibu unapomaliza kazi kwa kuita mwingine: sehemu ya kumbukumbu iliyobeba vigezo vya mwito wa kwanza ilitumika tena kwa mwito wa pili. Urefu wa herufi ukaandikwa mahali ulipopaswa kuwapo. Kwa kuwa mwitaji hakuwa ameutengea nafasi, mahali hapo palikuwa na data yake mwenyewe, nayo ikafutwa. Baadhi ya vifurushi vya R vikaanza kuharibika, ingawa hakuna aliyegusa msimbo wake. Kwa mujibu wa desturi kosa lilikuwa la mwitaji. Hata hivyo watunzaji wa gfortran waliweka kinga dhidi ya mkato huo, na upande wa R ukaanza kupitisha urefu waziwazi.

Sanifu ya Fortran ya mwaka 2003 ilikuwa tayari imetoa dawa kwa msimbo mpya: tamko BIND(C) hulifunga jina kama C inavyolijua, VALUE huruhusu thamani kupita yenyewe, na moduli ISO_C_BINDING hutaja aina za data zinazolingana pande zote mbili. Mpangilio wa safu hauguswi. Huo bado ni jukumu la mwandishi.

Kwa desturi hizi zote istilahi inayopendekezwa hapa ni "makubaliano ya kuitana". "Kanuni za kuita" hueleweka, lakini humtwika mwitaji peke yake. Kiambishi -an- kinawashika wote wawili, na katika msimbo halisi hata mwitwa huweza kugeuka mwitaji, utaratibu wa Fortran unapokabidhiwa anwani ya utaratibu wa C na kuuita kabla haujarudisha jibu.