Mwache Mwanao Amwone Daktari Kazini

Alama nzuri za bayolojia pekee hazimfanyi kijana kuwa tabibu. Siku chache katika wadi za Voi, Wesu au Taveta zaweza kumfunza mambo ambayo ripoti ya shule haiyaonyeshi.

Muulize mtoto wa shule ya msingi angependa kuwa nani atakapokuwa mkubwa, naye huenda akakujibu bila kusita: daktari. Mama hutabasamu, baba huwasimulia majirani, na tangu siku hiyo mtoto huitwa "daktari wetu" pale nyumbani. Miaka inapita, mitihani inafanywa, alama za bayolojia na kemia zinatoka nzuri, na jamaa wote huona kuwa shauri limekwisha. Ni nani basi atakayemuuliza kijana mwenyewe kama anaijua kazi anayokwenda kuisomea?

Ukweli ni kwamba wengi hawaijui. Wamemwona daktari kwa dakika tano tu, tena wakiwa wagonjwa, macho yamewaiva kwa homa. Hawajui alianza kazi saa ngapi, ameona wagonjwa wangapi, wala ni nini kilichompata yule aliyeingia kabla yao.

Katika nchi nyingine jambo hili halichukuliwi kwa mzaha. Huko Marekani, kijana anayeomba nafasi ya kusomea udaktari hutarajiwa awe amekwisha kumfuata daktari kazini kama kivuli kinavyomfuata mtu, akitazama na kusikiliza bila kugusa kitu. Nchini Uingereza nako, vyuo hutaka kujua mwombaji amejifunza nini kwa kukaa karibu na wagonjwa. Baadhi ya vijana wa nchi hizo hata hupanda ndege wakaja Afrika Mashariki, kwa gharama isiyo ndogo, ili wakae majuma machache katika hospitali zetu. Basi hutokea kwamba mgeni wa kutoka ng'ambo anaijua wadi ya Kenya kuliko kijana aliyezaliwa mwendo mfupi tu kutoka lango la hospitali!

Voi, Wesu na Taveta

Kaunti ya Taita Taveta ni mahali pema pa kujionea kazi hii. Mji wa Voi umekaa juu ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na ajali ikitokea kwenye barabara hiyo, mara nyingi majeruhi hukimbizwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iliyo mjini humo. Hapo kijana hujifunza jambo la kwanza ambalo huwashangaza wengi: kwamba daktari haanzi na yule anayepiga kelele zaidi. Anayelia bado anapumua. Aliyenyamaza kimya pembeni ndiye huenda akahitaji kutazamwa kwanza.

Kisha kuna nyika ya Tsavo, pamoja na nyoka wake. Mtu aliyeumwa na nyoka hafiki akadungwa sindano papo hapo, kama wengi wanavyodhani. Tabibu huchora mstari kwa kalamu mahali uvimbe ulipoishia, ili ajue kama unapanda. Huweza pia kutia damu kidogo katika kichupa safi cha kioo na kukiacha kitulie kwa dakika 20, kisha akakiinamisha. Damu ikiwa bado majimaji, sumu imeharibu uwezo wake wa kuganda, na dawa ya kuzima sumu inahitajika. Dakika hizo 20 ni somo kubwa. Jamaa wa mgonjwa wanahangaika, ilhali daktari anangoja, kwa kuwa kungoja ndiyo kazi yenyewe wakati huo.

Ukipanda milima kupita Wundanyi utafika Hospitali ya Wesu, kwenye baridi na ukungu. Ukiteremka upande wa magharibi utafika Taveta, mpakani, ambako wagonjwa huweza kuja hata kutoka upande wa Tanzania. Kaunti ni moja, lakini tabibu wa mlimani, wa nyikani na wa mpakani hawaamki wakiwa na shughuli za namna moja. Na katika sehemu zote tatu huenda akaletwa ajuza ambaye maumivu yake huyaeleza vizuri zaidi kwa Kidawida au Kitaveta. Kijana wa hapa atamwelewa bibi huyo mara moja, na hiyo ni akiba ambayo mgeni wa ng'ambo hawezi kuinunua.

Siku nzima nyuma ya koti jeupe

Asubuhi huanza kwa kupitia wadi. Daktari mwanagenzi, yaani yule aliyemaliza chuo na yumo katika mwaka wake wa mazoezi, husimama kando ya kitanda na kueleza hali ya mgonjwa: amelala vipi, amekula nini, joto la mwili limepanda au limeshuka. Mkubwa wake humuuliza maswali mbele ya wote. Muuguzi, ambaye ndiye aliyekesha na mgonjwa, mara nyingi hujua jibu kabla ya daktari. Kijana mwenye macho ataliona hilo, naye ataacha kudhani kwamba hospitali ni ya daktari peke yake.

Baada ya hapo ni wagonjwa wa kutwa. Foleni ni ndefu. Mgonjwa mmoja anasema ana kichwa, kumbe shida yake ni shinikizo la damu na dawa zilimwishia mwezi uliopita. Mwingine hasemi kitu mpaka mumewe atoke nje. Katikati ya yote hayo, daktari anaandika. Anaandika kwenye faili, anaandika karatasi za maabara, anaandika dawa, anaandika barua za rufaa. Vijana waliozoea madaktari wa sinema huchoka hapa kuliko mahali pengine popote.

Na ipo siku ambayo mgonjwa hufariki. Daktari hana budi kutoka, awatafute jamaa, awakalishe chini na kuwaeleza kwa maneno yasiyofichaficha. Dakika chache baadaye anamwita mgonjwa anayefuata. Anayetaka kuijua kazi hii na aliangalie hilo kabla hajajaza fomu yoyote.

Safari ndefu

Kwa nini tusumbuke na haya yote? Kwa sababu kosa hapa ni ghali. Shahada ya udaktari nchini Kenya huchukua miaka sita, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, chenye makao yake karibu na Voi, hakijulikani kwa udaktari bali kwa masomo kama ya uchimbaji madini, kwa hiyo kijana wa hapa huenda akalazimika kwenda Nairobi au Eldoret. Hata mwisho wa safari si tambarare. Mwaka wa 2024 madaktari wa umma waligoma kwa siku 56, na miongoni mwa mambo yaliyoleta mgomo huo ni malipo na ajira za wanagenzi hao hao.

Uamuzi nao sasa huja mapema. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, baada ya kuchagua mkondo wao wakiwa bado Gredi ya 9. Huo ni umri wa miaka kama 15. Kuchagua sayansi kwa sababu ya koti jeupe, bila kuwahi kuona kilicho nyuma yake, ni kununua ng'ombe aliye ndani ya gunia.

Aidha, ziara kama hizi humfungua kijana macho aone kazi nyingine. Huenda akavutiwa na maabara, na picha za eksirei, na uuguzi au na ukunga. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, KMTC, kina tawi mjini Voi, na stashahada zake nyingi huchukua takriban miaka mitatu. Kijana akijua mapema kwamba moyo wake uko huko, hatajiona ameshindwa eti kwa kuwa hakuingia katika udaktari.

Siri ya mgonjwa kwanza

Hata hivyo, wadi si uwanja wa maonyesho. Mgonjwa aliye kitandani hakuja pale kumfunza mtu. Ni lazima aulizwe kama anakubali kutazamwa na mwanafunzi, na akikataa, kijana atoke bila kununa. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, nayo sheria ya kulinda data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti.

Kwa hivyo simu ibaki mfukoni. Hakuna picha, hakuna majina ya wagonjwa daftarini, hakuna kusimulia nyumbani kwamba mke wa fulani alikuwa kliniki. Katika mji mdogo kama Voi, ambako watu wengi wanajuana, neno moja laweza kuivunja nyumba. Wala mwanafunzi asikubali kudunga sindano au kushona kidonda, hata akiombwa. Vyuo vya ng'ambo huwaonya vijana wao wanaokuja Afrika kuhusu jambo hilo hilo, na wetu pia wanapaswa kuonywa.

Namna ya kuomba

Anza shuleni. Mwalimu mkuu au mwalimu wa ushauri na aandike barua kwa msimamizi wa hospitali, akieleza jina la mwanafunzi, umri wake, siku anazoomba na jina la mzazi aliyekubali. Omba siku chache tu, wakati wa likizo. Wale wanaongojea matokeo ya KCSE na kufunguliwa kwa vyuo wana miezi kadhaa mikononi mwao, wasiimalize yote mbele ya runinga.

Hospitali kubwa ikikataa, usife moyo. Jaribu zahanati ya karibu. Mwombe mhudumu wa afya ya jamii umfuate siku moja nyumba kwa nyumba. Serikali ilizindua wahudumu wapatao 100,000 kote nchini Septemba 2023, hivyo hukosi mmoja kijijini kwenu. Jiunge na Msalaba Mwekundu ujifunze huduma ya kwanza.

Na wewe mzazi, kijana akirudi jioni, usimuulize kwanza kama bado anataka kuwa daktari. Muulize aliona nini kazini humo, bila kutaja mgonjwa yeyote, kisha usikilize. Akisimulia uchovu, harufu na kilio, na bado akataka kurudi kesho, msaidie kwa kila hali. Akisema hapana, mshukuru Mungu kwamba amejua sasa, kabla ya karo ya mwaka wa kwanza kulipwa.