Kilomita Chache, Miaka Mingi: Bei ya Gari Kubwa la Zamani

Katika yadi za magari za Dar es Salaam, hakuna sifa inayonadiwa kwa sauti kubwa kama kilomita chache. Land Cruiser VX ya 2004, Lexus LX 470 ya 2005 au Range Rover ya 2008 ikisoma kilomita 60,000, dalali hupandisha bei kana kwamba miaka yote hiyo haikupita. Wanunuzi nao hukubali, kwa kuwa namba ni rahisi kuisoma kuliko chuma. Hata hivyo, kwa magari ya daraja hili mita ni kipimo dhaifu cha thamani, na udhaifu wake una sura mbili: kuna magari ambayo kilomita hazijawahi kuwa tishio kwao, na kuna mengine ambayo huharibika hata yakiwa yamesimama.

Tuanze na yale magumu. Injini ya V8 ya lita 4.7 iliyofungwa kwenye VX na LX 470 za petroli ina sifa ya kudumu mamia ya maelfu ya kilomita ikibadilishiwa oili kwa wakati. Anayeongeza fedha nyingi ili apate iliyotembea 60,000 badala ya 160,000 ananunua sehemu ndogo tu ya uhai wa injini hiyo. Tena, mkanda wake wa taiming hutakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 150,000 hivi. Ile ya 160,000 iliyokwisha kufungwa mkanda mpya inaweza kuwa salama kuliko ya 60,000 yenye mpira wa kiwandani wa miaka ishirini.

Kwa magari laini hesabu ni kali zaidi. Range Rover ya 2008 hukaa juu ya mifuko ya hewa, na mpira wa mifuko hiyo hupasuka kwa umri, jua na joto. LX 470 nayo, licha ya injini yake ngumu, hutumia saspenshi ya mafuta yenye vibuyu vya gesi, na gesi hiyo hupungua taratibu hata gari likifunikwa turubai. Hozi, sili, bushi na betri nazo hazisubiri safari. Halafu fikiria maana halisi ya kilomita 60,000 kwa miaka ishirini: ni kilomita 3,000 kwa mwaka, yaani kama nane kwa siku. Kwa safari fupi namna hiyo injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu kwenye oili na kwenye ekzosi. Kama gari lilitoka Hokkaido, Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, chasi ndiyo ya kukaguliwa kabla hata ya kuwasha injini.

Kodi nayo haitazami kilomita. Kwa viwango vya Tanzania, gari dogo la abiria lenye injini kubwa na umri wa zaidi ya miaka kumi hulipa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, nyongeza ya uchakavu asilimia 30, kisha VAT asilimia 18. Gari lililothaminiwa kwa 100 likiwa bandarini hufika 206.5 kabla ya tozo ndogondogo. Zaidi ya nusu ya gharama hiyo ni kodi inayofuata thamani iliyokadiriwa, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini, haijali kama mwenye gari alikuwa mtu wa kukaa nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba huko Marekani Land Cruiser za zamani zenye kilomita chache hununuliwa mnadani kwa bei za kushangaza. Ni kweli, lakini mnunuzi yule hununua uasilia: rangi ya kiwandani, viti visivyochanika, karatasi zote. Wa hapa atalipeleka Dodoma na kijijini, na mwaka mmoja wa matumizi ya kawaida utafuta ile namba aliyoilipia. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba mita ndiyo ushahidi pekee alionao asiye fundi. Lakini mita ya kidijitali hurudishwa nyuma kwa kifaa kinachobebeka mfukoni. Bila karatasi ya mnada wa Japani, au kumbukumbu za ukaguzi wa kila mwaka kwa gari la Uingereza, namba hiyo ni maneno ya muuzaji tu. Na ushahidi mwingine upo wazi kwa macho: tairi huwa na tarakimu nne ubavuni, ambapo 2306 ni wiki ya 23 ya 2006. Tairi za kiwandani zikiwa bado zipo, mita inaelekea kusema kweli, ila hizo tairi zenyewe ni za kutupwa.

Kwa hiyo ningeanza na bei ya gari la mwaka na aina ileile lililotumika kawaida na kutunzwa, niongeze kiasi kidogo kwa ajili ya viti, dashibodi na bodi, kisha nitoe gharama ya tairi, mkanda, hozi, sili na mifuko ya hewa kwa bei za spea za Gerezani, Dar es Salaam. Kwa VX jibu mara nyingi litakuwa juu kidogo ya bei ya kawaida. Kwa Range Rover linaweza kushuka chini yake, jambo ambalo dalali hatalisikia kwa furaha.

Kenya ina hesabu yake. Sheria inayokataza kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane imeyafungia mlango magari haya, kwa hiyo yaliyopo hayaongezeki na lililo safi hupata bei ya uhaba. Nairobi kuna sababu ya kulipa zaidi. Dar es Salaam, ambako mtu anaweza kuagiza jingine mwezi ujao, sababu hiyo haipo, na bei ya juu kabisa anayoweza kudai muuzaji ni gharama ya kulitoa gari kama hilo Yokohama hadi barabarani.