Raskazone, Mjini au Ngamiani: Mgeni wa Tanga Achague Mtaa kwa Shughuli Iliyomleta

"Tanga, waja leo waondoka leo." Msemo huu unafahamika kote nchini, na ukichukuliwa kama ulivyo, unamtaja mgeni anayefika asubuhi na kuondoka kabla ya jua kuzama. Kwa mgeni aliyekusudia kulala, hata hivyo, kuna swali linalotangulia bei ya chumba, nalo ni mtaa gani umfae. Jiji la Tanga si kubwa kiasi cha kumpoteza mtu, lakini mitaa yake ilijengwa kwa nyakati na makusudi tofauti. Aliyelala Raskazone na aliyelala Ngamiani wanaweza kurudi makwao wakisimulia miji miwili.

Makala haya yanaeleza sura ya mitaa hiyo, faida na mipaka ya kila mmoja, na mambo ambayo mgeni anapaswa kuyahakiki kabla ya kulipia chumba.

Jiji lilivyokaa

Tanga imekaa upande wa kusini wa ghuba inayobeba jina lake. Mbele ya mji, ndani ya ghuba, kuna kisiwa kidogo cha Toten chenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Upande wa mashariki ardhi inachomoza baharini na kufanya rasi, na hapo ndipo ilipo Raskazone. Barabara ya Hospitali inatoka katikati ya mji, inapita Bombo kando ya maji, kisha inaishia kwenye rasi hiyo.

Mpaka mkubwa wa kihistoria ndani ya mji ni njia ya reli. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia Tanga mwaka 1893 chini ya utawala wa Wajerumani, na mwaka 1911 njia hiyo ikafika Moshi. Kati ya reli na bahari zilijengwa ofisi za serikali, maduka makubwa na nyumba za maofisa. Upande wa pili wa reli, kusini, ukapangwa mji wa wenyeji, yaani Ngamiani, ambao mitaa yake imenyooka na kukatana kama miraba na hadi leo inatambulika kwa namba: Barabara ya 1, Barabara ya 2 na kuendelea. Mgawanyo huo wa kikoloni umekwisha kisheria na kijamii, lakini ramani yake ingali inaonekana, na ndiyo inayomsaidia mgeni kuelewa anachochagua.

Raskazone: utulivu na bahari

Raskazone inamfaa anayetafuta mapumziko. Viwanja vyake ni vipana, miti ni mingi, upepo wa bahari haukatiki, na usiku kelele ni chache. Hapa zipo hoteli zinazotazama ghuba, mojawapo ikiwa ni Hoteli ya Mkonge, inayobeba jina la zao lililoujenga uchumi wa mkoa kwa miongo mingi. Zipo pia klabu za kuogelea na za mashua, ambako familia za jijini hukutana mwishoni mwa juma.

Rasi hii ina historia nzito. Mapema Novemba 1914, katika miezi ya mwanzo ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kikosi cha Uingereza chenye askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kiliteremka hapa ili kuuteka mji. Kilikabiliwa na jeshi la Wajerumani la watu takriban 1,000, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa askari Waafrika, likiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Katika mapigano hayo makundi ya nyuki yalivurugwa mizingani na kuwashambulia wapiganaji. Kikosi cha Uingereza kilishindwa na kurudi merikebuni, na mji ukabaki mikononi mwa Wajerumani hadi mwaka 1916. Mgeni anayetembea asubuhi kutoka Raskazone kuelekea mjini anafuata, kwa amani, mwelekeo uliogharimu maisha ya watu wengi waliotolewa mbali kuja kupigana vita visivyokuwa vyao.

Pamoja na uzuri huo, mgeni anapaswa kujua mambo mawili. La kwanza ni bamvua. Pwani ya Tanga haina maji yanayotulia mahali pamoja. Katika siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hupwa mbali na kuacha matope, mawe na mwani, kisha hujaa hadi kwenye kuta. Nyakati za kujaa husogea mbele kwa dakika zipatazo 50 kila siku. Aliyelipia chumba cha kutazama bahari kwa ajili ya kuogelea aulize mapema maji yatajaa saa ngapi katika siku atakazokuwapo, kwani huenda saa ya kuogelea ikaangukia mchana wa jua kali au usiku.

La pili ni usafiri. Raskazone ina maduka na migahawa michache nje ya hoteli zenyewe. Mchana bajaji na bodaboda hupatikana bila taabu, lakini usiku ni vyema kupatana mapema na dereva anayefahamika na wenye hoteli. Asiye na gari na mwenye shughuli za kila saa mjini atajikuta akilipa nauli ya kwenda na kurudi mara kadhaa kwa siku, na gharama hiyo inapaswa kuhesabiwa pamoja na bei ya chumba.

Bombo: mgeni asiyekuja kutalii

Yanapozungumzwa malazi, mara nyingi fikra huenda kwa mtalii. Ukweli ni kwamba sehemu ya wageni wanaolala Tanga hawakuja kutazama bahari. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo, inapokea wagonjwa kutoka Lushoto, Kilindi, Handeni, Korogwe, Muheza, Mkinga na Pangani, na kila mgonjwa aliyelazwa huwa na ndugu anayemuuguza. Ndugu huyo anahitaji chumba cha bei nafuu, mahali pa kupata uji na chai alfajiri, na umbali anaoweza kuutembea kwa miguu akiwa amebeba chakula.

Kwa mgeni wa namna hii, Bombo yenyewe au upande wa mjini ulio karibu na Barabara ya Hospitali unafaa kuliko mtaa mwingine wowote. Chumba cha bei ndogo kilichopo mbali kinaweza kuwa ghali zaidi ikiwa muuguzaji atalazimika kupanda bajaji asubuhi, mchana na jioni. Inashauriwa kuuliza kwanza wodini saa zinazoruhusiwa kuwaona wagonjwa, ndipo chumba kitafutwe kulingana na saa hizo. Aidha, kwa kuwa siku za kulazwa hazijulikani mapema, ni busara kulipa kwa siku na si kwa juma zima.

Mjini: kwa anayependa historia

Katikati ya jiji ndiko yaliko majengo mengi ya kale yanayoipa Tanga jina lake la mji wa kihistoria: boma la zamani ambalo sasa lina makumbusho, mnara wa saa, bustani za umma zinazotazama bandari, na nyumba za ghorofa zenye roshani na milango mipana zilizojengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Mgeni anayelala hapa anaweza kuvizunguka vyote kwa miguu kabla ya jua kuwa kali, na kurudi kupumzika adhuhuri. Benki, ofisi za serikali na maduka vipo karibu. Kasoro yake ni kwamba baadhi ya mitaa hutulia sana maduka yakishafungwa, hivyo mgeni achague nyumba iliyo kwenye mtaa wenye taa na watu.

Uchaguzi wa kulala katika sehemu hii una uzito unaozidi starehe ya mgeni. Sheria ya Malikale ya mwaka 1964 inatambua moja kwa moja kama malikale majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Magofu ya Tongoni, yaliyo kusini mwa jiji katika njia ya Pangani na yenye msikiti na makumi ya makaburi ya nguzo, yanaingia waziwazi katika kundi hilo. Lakini majengo ya Wajerumani, pamoja na maduka na nyumba za zamani za katikati ya Tanga, yalijengwa baada ya mwaka huo. Hayo huhitaji kutangazwa mahususi ili yalindwe na sheria hiyo.

Kwa jengo ambalo halijatangazwa, kinga ya kwanza ni kutumika. Nyumba ya kale yenye wapangaji na wageni huezekwa upya bati likitoboka. Nyumba iliyoachwa huoza kwa chumvi ya bahari na mvua za masika, na mwenye kiwanja hushawishika kuibomoa. Mgeni anayelala, kula au kununua katika jengo la kale lililotunzwa vyema anampa mmiliki sababu ya kuendelea kulitunza.

Ngamiani na Kange: maisha na safari

Aliyekuja Tanga kuonana na watu atapendezwa na Ngamiani. Hapa ndipo penye masoko, misikiti, mafundi cherehani, vibaraza vya kahawa na harufu ya mikate ya ufuta na mishikaki jioni. Baiskeli, ambayo ni alama ya jiji hili, hupita mitaani mchana kutwa. Katika miaka ya 1970 mji huu ulivuma Afrika Mashariki nzima kwa taarabu ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, na hadi leo mashabiki wa Coastal Union na African Sports hubishana mabarazani kuhusu nani mwenye mji.

Nyumba za kulala wageni hapa kwa kawaida ni ndogo na bei zake ni za wastani. Namba za barabara humrahisishia mgeni kueleza anakokwenda, hata akiwa na siku moja tu mjini. Mgeni ajue kuwa mtaa huamka mapema kwa adhana na kelele za soko, na kwamba ni mtaa wa familia: mavazi ya staha na salamu kwa wazee waliokaa barazani humfungulia milango mingi.

Kwa anayepita njia, stendi ya mabasi iko Kange, nje ya katikati ya jiji, kando ya barabara iendayo Muheza na Segera. Msafiri mwenye basi la alfajiri kuelekea Dar es Salaam, Moshi au Arusha atapata ahueni akilala karibu nayo. Asiye na safari ya alfajiri hana sababu ya kulala huko, kwa kuwa bahari na majengo ya kale vitakuwa mbali naye.

Yanayopaswa kuhakikiwa

Mtaa wowote utakaochaguliwa, kuna mambo ambayo mgeni anapaswa kuyazingatia. Nyumba halali ya kulala wageni huwa na leseni ya biashara inayoweza kuonekana, na huandikisha majina ya wageni katika kitabu. Mgeni asikwepe kuandikishwa, kwani kumbukumbu hiyo humsaidia yeye mwenyewe likitokea la kutokea. Akague kitasa cha mlango, maji bafuni na chandarua, kwa sababu mbu wa pwani huambukiza malaria. Aulize kama bei imejumuisha kifungua kinywa, na akilipa adai risiti ya kielektroniki. Namba ya dharura ya Polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Zote hupigwa bila malipo.

Wenye nafasi ya kukaa siku mbili au zaidi wanaweza kugawa usiku wao: mmoja mjini au Ngamiani, mwingine Raskazone. Kutoka mtaa wowote kati ya hiyo, Mapango ya Amboni yaliyo kaskazini mwa jiji hufikiwa na kurudiwa katika nusu ya siku. Upande wa kusini, Tongoni inaweza kuunganishwa na Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, katika kitongoji cha Vibambani, na ndiko alikozikwa baada ya kufariki mwaka 1962.

Ziara hizo mbili haziingii katika siku ya anayekuja na kuondoka jua likiwa bado juu. Mgeni anayelala huacha fedha yake kwa mama lishe, kwa dereva wa bajaji, kwa mvuvi na kwa mwenye nyumba aliyeamua kulikarabati paa la babu yake badala ya kuling'oa.